Dungusi lililoongezeka kila lilipofyekwa: kisa cha kiwanja kimoja Kigamboni

Kiwanja chenyewe kipo Kigamboni, upande wa Mjimwema, mahali ambapo mchanga wa pwani haujaisha na maji ya kisima yana chumvi kidogo. Nusu imejengwa, nusu imekaa wazi ikingoja fedha, kama vilivyo viwanja vingi vya huko. Upande wa barabara hakuna ukuta, kuna nguzo na senyenge tu. Chini ya senyenge hiyo mama mwenye kiwanja alipanda, miaka kadhaa nyuma, mabapa machache (vile vipande vipana vya kijani) ya dungusi kakati, yaani kaktasi, aliyopewa na rafiki yake. Alitaka mmea mfupi, wenye miiba, usiodai maji wala mtunza bustani. Akaupata. Ulikaa chini ya goti, ukatoa maua ya njano, na wapita njia wakawa wanaomba kipande wakapande kwao.

Shida ilianza dungusi lilipovuka mstari wake na kuanza kuingia njiani. Wakaletwa vijana wa kazi na mapanga. Walifyeka vizuri, kwa macho ya mtu anayejua kufyeka majani: kila kilichosimama kililazwa, vipande vikaachwa vikauke juani, vingine vikasukumwa kwa reki hadi kwenye rundo la kifusi nyuma ya nyumba. Hiyo ilikuwa kabla ya vuli. Vuli ilipopita, penye mstari mmoja pakawa na robo ya kiwanja. Kiangazi wakafyeka tena. Masika yalipokwisha, dungusi lilikuwa limeota kwenye kifusi, ndani ya shimo la taka, na upande wa pili wa senyenge kwenye kiwanja cha jirani. Mjukuu aliingia kufuata mpira akatoka na viganja vilivyojaa vimiiba visivyoonekana. Hapo ndipo nilipoitwa.

Nakisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mmea haukufanya lolote la ajabu. Ulifanya kile ambacho mwili wake umeumbwa kufanya, na karibu kila hatua iliyochukuliwa dhidi yake iliusaidia.

Jina lililotoka kwenye simu

Kijana wa nyumba alikuwa ameshapiga picha na kuipitisha kwenye programu ya kutambua mimea. Programu ikamjibu: Opuntia humifusa. Akasoma kuhusu mmea huo, na alichosoma kilikuwa kweli. Ni dungusi fupi la mashariki mwa Marekani, linalofika hadi kusini mwa Ontario nchini Kanada. Linavumilia theluji. Kinacholiua ni udongo unaotuamisha maji, maana huliozesha kuanzia chini. Akawashauri wazazi wake wasihangaike zaidi, wangoje masika. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na fungu kubwa huanguka kati ya Machi na Mei. Mmea unaochukia maji ungeponea wapi? Wakangoja. Huo ndio msimu ambao dungusi lilienea kuliko misimu yote.

Ni rahisi kuona programu ilikopotelea. Picha ilipigwa Februari, jua likiwa kali na mvua ya vuli imeshasahaulika. Mabapa yalikuwa yamenywea, yana mikunjo, yamejilaza mchangani. Humifusa nalo huwa hivyo hivyo, ila kwa sababu nyingine kabisa: majira ya baridi yanapokaribia hupunguza maji mwilini, mabapa yakasinyaa na kulala chini, na hivyo barafu haipasui seli zake. Ukipewa picha mbili bila kuambiwa mwezi wala nchi, utaapa ni mmea mmoja.

Kwa hiyo nilianza na yale ambayo picha moja haiwezi kuonyesha. Ukubwa kwanza. Mabapa mengi yalikuwa na urefu wa sentimeta 20 hivi, na mengine yalizidi. Ya humifusa kwa kawaida ni madogo kuliko hapo. Rangi yake ilikuwa kijani kilichofifia kuelekea buluu, kwa sababu ya nta iliyoyafunika. Miiba mirefu ilikuwa michache, mmoja mmoja au miwili pamoja, na mahali pengi haikuwapo kabisa. Ilipokuwapo ilikuwa ya njano. Tunda nililikata katikati: zambarau nje, zambarau ndani, na maji yake yakapaka vidole rangi. Tunda la humifusa nyama yake haina rangi nzito namna hiyo. Kilichonimalizia shaka ni namna ya kukua. Pembeni mashina yalikuwa yamelala, lakini katikati ya kichaka yalisimama, bapa juu ya bapa, hadi usawa wa paja. Humifusa hutambaa, kwa nadra hupita sentimeta 30.

Vyote hivyo vilielekea kwa Opuntia stricta. Mwingereza Adrian Haworth alilieleza mwaka 1803, kisha mwaka 1812 akaliweka kwenye jenasi ya Opuntia lilipo hadi leo. Kwao ni Florida, Ghuba ya Meksiko na visiwa vya Karibi, na huko hupenda hasa pwani: mchanga, vipande vya kombe, upepo wa chumvi. Mtu akitaka kuliandalia makazi Tanzania asingepata pazuri kuliko Kigamboni. Nikiri kwamba mipaka ya spishi ndani ya jenasi hii inawagombanisha hata wataalamu, maana huchanganya damu kirahisi, na lile la miiba mingi liitwalo dillenii wengine hulihesabu kuwa ni stricta hilo hilo. Anayehitaji uthibitisho wa maandishi hupeleka sampuli iliyokaushwa kwenye hifadhi ya mimea, yaani maktaba ya sampuli za mimea iliyokaushwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo, na ya taifa ipo Arusha. Lakini akumbuke kulichana bapa na kulikwangua nyama kabla ya kulibana kwenye karatasi. Likibanwa zima huweza kuchipua humo humo.

Bibi wa nyumba, mama yake mwenye kiwanja, alikuwa na hoja yake. "Mwanangu," aliniambia baada ya shikamoo na marahaba, "mimi shida yangu ni utomvu. Ukimruka mtoto machoni si anapofuka?" Swali la maana, ila linamhusu mnyaa. Mnyaa ukiuvunja hutoa maziwa meupe, na maziwa hayo kweli ni hatari kwa macho. Dungusi ukilivunja linatoa ute mzito usio na rangi. Hayana hata undugu wa karibu: mnyaa ni wa ukoo wa mihogo na minyonyo, wenye jamaa wengi hapa Afrika, wakati ukoo wa madungusi ni wa bara la Amerika wote, isipokuwa mmoja tu, Rhipsalis baccifera, mmea mwembamba usio na miiba unaoning'inia kwenye miti ya misitu yetu yenye unyevu. Madungusi mengine yote unayoyaona Dar es Salaam yaliletwa.

Mwili wa dungusi, na kwa nini panga ni rafiki yake

Watu huliita lile bapa jani. Ni shina. Majani halisi yapo, lakini lazima uwahi kuyaona: kwenye bapa changa hutokea vijani vidogo vilivyochongoka, laini, urefu wa punje ya mchele, na baada ya wiki chache vyote hudondoka. Kuanzia hapo kazi ya kutengeneza chakula hubaki kwa shina lenyewe, ndiyo maana ni la kijani na limetandazwa kulikabili jua.

Kila kijani kilipokuwa, hubaki kidoa chenye manyoya mafupi. Wataalamu hukiita areoli. Kidoa hicho ndicho moyo wa kisa chetu. Kwa asili ni chipukizi la pembeni lililofupishwa mpaka likabaki nukta, na lina uwezo wote ambao chipukizi huwa nao. Linaweza kutoa mwiba, ambao ni jani lililobadilika. Linaweza kutoa ua, au bapa jipya. Na likigusa ardhi yenye unyevu, pale pale linatoa mizizi. Bapa moja la ukubwa wa kiganja lina areoli kwa makumi, pande zote mbili. Hivyo halina juu wala chini, wala halijali limeangukia upande gani.

Sasa fikiria panga. Kichaka chenye mabapa 100 kikifyekwa ovyo hugeuka vipande 300, kila kimoja na areoli zake, kila kimoja na akiba ya maji na wanga ya kukitosha kwa miezi. Jua la kiangazi ambalo vijana walitegemea likaushe vipande lilifanya kazi nyingine: liliponya vidonda. Mkulima yeyote wa dungusi, kuanzia Meksiko hadi Sisilia, anajua kwamba kipande hakipandwi kibichi. Huachwa kivulini siku kadhaa mpaka kovu likauke, ndipo kisioze kikitiwa udongoni. Kufyeka Februari na kuacha mpaka Machi ni kufuata maelekezo ya kupanda, hatua kwa hatua. Mvua ya kwanza ya masika ilikuta shamba limeandaliwa.

Je, mvua nyingi haziozeshi? Zinaozesha, kwenye udongo wa mfinyanzi. Ukichimba Mjimwema unakuta mchanga hadi unachoka, na maji hayatuami. Mizizi ya mmea huu haichimbi kwenda chini. Hutanda karibu na uso wa ardhi, na baada ya mvua huongeza haraka vimizizi vyembamba vya kunyonya. Manyunyu madogo ambayo mchicha wa jirani hauyapati faida, dungusi huyameza.

Kuna na suala la pumzi. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya hewa, stomata, mchana, na hapo hupoteza maji. Dungusi hufungua usiku. Huvuta hewa ukaa gizani, huifunga ndani ya asidi maliki, na asubuhi hufunga milango yake na kuitumia akiba hiyo kwa mwanga wa jua. Onja kipande cha bapa changa alfajiri kisha uonje kingine jioni. Cha alfajiri ni kichachu kama ndimu, cha jioni kimepoa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Benjamin Heyne, daktari aliyekuwa India, aliandika kuhusu tofauti hiyo hiyo ya ladha, kwenye mmea mwingine wenye tabia hii. Jambo hili litarudi tukifika kwenye dawa ya magugu.

Ua nalo lina mambo. Ukizigusa stameni zake, yaani vijiti vyembamba vyenye chavua, kwa ncha ya kijiti, zinajikunja zenyewe kuelekea katikati, na nyuki aliyeingia hujikuta akipakwa chavua. Nilimwonyesha mjukuu, akasahau kwa muda kwamba ana uadui na mmea huu. Lakini kwa kisa chetu la kutazama ni chini ya ua. Ovari, yaani kifuko cha mbegu, imezama ndani ya shina, kwa hiyo ganda la tunda ni shina pia, na lina areoli zake. Tunda bichi likidondoka linaweza kuota mizizi na kutoa bapa kabla mbegu zake hazijafanya lolote. Kuchuma matunda na kuyatupa kichakani, kama walivyofanya watoto wa mtaa, ni kupanda mara mbili.

Kuhusu vimiiba vilivyomchoma mtoto: vinaitwa glokidi, vimejaa kwenye areoli hata pale ambapo miiba mirefu haipo. Ni vyembamba kuliko unywele na vina vinyoya vilivyoelekea nyuma, hivyo huingia kirahisi na hukataa kutoka. Dungusi linaloonekana halina miiba ndilo linalodanganya watu. Kusugua huvivunja, na kunyonya kidole kwa mdomo huvihamishia kwenye ulimi. Tulitoa vilivyoonekana kwa kibano, kisha tukampaka gundi nyeupe kiganjani juu yake kitambaa chepesi, ikakauka, tukaibandua pamoja na vilivyobaki. Vikiingia jichoni hakuna cha gundi wala kibano, ni hospitali.

Kufukua na kutazama chini

Kabla ya kushauri lolote nilitaka kujua mmea ulikuwa unaenea kwa njia gani hasa, kwa vipande au kwa mbegu, kwa sababu dawa za njia hizo mbili hazifanani. Jibu lipo ardhini. Dungusi lililotokana na kipande lina kipande hicho chini yake, kimezeeka na kuwa kama gome, mara nyingi bado na alama ya panga. Lililotokana na mbegu huanza na majani mawili manene ya mbegu, na katikati yake hutoka kishina cha mviringo chenye miiba laini. Ubapa huja baadaye.

Tulifukua sehemu mbalimbali, mimi na mzee anayelinda kiwanja. Kwenye mstari wa zamani, kwenye robo ya wazi, kwenye kifusi: karibu yote yalikuwa na kipande chini. Mengi yalionyesha ukingo ulionyooka wa kukatwa. Miche ya mbegu tuliipata mahali pamoja tu, chini ya waya wa umeme na chini ya mwarobaini, yaani panapotua ndege. Kunguru wa Dar es Salaam hawachagui chakula, na sioni kwa nini tunda hili waliache.

Mzee aliitazama mistari ile ya panga kwa muda, akasema, "Kumbe tulikuwa tunalima, mwalimu."

Njia zilizokataliwa

Kila mtu aliyepita alikuwa na pendekezo. Moto ulikuwa wa kwanza. Bapa lina maji mengi mno, na moto wa majani makavu huunguza ngozi na miiba tu. Wafugaji wa Texas huyaunguza madungusi makusudi kwa vichoma vya gesi wakati wa ukame ili miiba iishe na ng'ombe wale. Nyama ya bapa hubaki mbichi kabisa. Kwa moto wa kuua kweli ungehitaji kuni nyingi, nyumba za watu zikiwa hatua chache pembeni.

Chumvi nayo ilitajwa, kwa sababu bahari iko karibu na bei yake ni ndogo. Huu ni mmea wa ufukweni, umezoea upepo wa bahari. Kabla haujadhurika, kisima kingekuwa kimeharibika na mwarobaini umekufa.

Dawa ya magugu ilijadiliwa kwa uzito zaidi, na siikatai kwa kila mahali. Lakini kuinyunyiza saa sita mchana kama vijana wengi wanavyofanya ni kumwaga fedha: nta inaitelezesha, stomata zimefungwa, na kinachobaki kinatiririka mchangani kuelekea kisimani. Njia inayofanya kazi ni kudunga sindano ndani ya mabapa, moja moja, na mtu aliyefunzwa. Kwenye ekari nyingi hiyo ina maana. Kwenye kiwanja cha familia chenye mchanga laini, jembe lina maana zaidi.

Pendekezo lililonivutia kuliko yote lilitoka kwa jirani aliyewahi kufanya kazi Laikipia, Kenya. Alisema huko wameleta mdudu. Ni kweli. Laikipia dungusi hili hili limevamia malisho. Ndovu na nyani hula matunda na kusambaza mbegu, na mifugo huumia midomo kwa glokidi. Mwaka 2014 alianza kuachiliwa huko Dactylopius opuntiae, mdudu mdogo anayefyonza maji ya bapa akiwa amejifunika nta nyeupe inayofanana na pamba. Afrika Kusini walishamtumia kwenye Hifadhi ya Kruger tangu 1997, mahali ambapo dungusi hili lilianzia kama pambo la bustani Skukuza. Walikuwa wameanza na nondo, Cactoblastis cactorum, mwaka 1988, akawa hatoshi.

Nondo huyo ana historia kubwa zaidi Australia. Katikati ya miaka ya 1920 madungusi, hasa stricta, yalikuwa yamefunika hekta milioni 24 hivi huko, watu wakahama mashamba yao. Mayai ya nondo yakaletwa kutoka Argentina mwaka 1925, wakaanza kuachiliwa mwaka uliofuata, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya madungusi ikaanguka. Kijiji cha Boonarga, Queensland, kilijenga ukumbi mwaka 1936 kwa heshima ya mdudu huyo. Sijui mdudu mwingine mwenye ukumbi wake. Ila nondo huyo huyo, baada ya kupelekwa visiwa vya Karibi, aliingia Florida mwaka 1989, na huko anakula madungusi ya asili yaliyo kwao, stricta na humifusa yakiwamo.

Kwa hiyo mdudu si kitu cha kuleta kwenye mfuko wa rambo. Dactylopius opuntiae ana aina zake: mmoja hushambulia stricta, mwingine hushambulia Opuntia ficus-indica, dungusi refu linalolimwa kwa matunda na lishe ya mifugo. Ukikosea aina, unaharibu zao la mtu na adui yako anabaki. Hapa nchini kiumbe wa namna hiyo haingizwi bila kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na ni sawa kabisa. Kuna na sababu ya hali ya hewa: mvua kubwa humbandua mdudu huyu kwenye bapa. Laikipia ni kavu. Masika ya Dar es Salaam yangemwosha.

Kazi yenyewe

Tulichagua Agosti. Mchanga ni mkavu, kipande kitakachosahaulika kina wiki nyingi za kuonekana kabla mvua haijakishikisha, na upepo wa kusi unafanya kazi ya juani iwe nyepesi. Bibi aliuliza kwa nini tusingoje ardhi ilainike. Kwenye udongo mwekundu wa bara ningemkubalia. Kwenye mchanga, mizizi ile mifupi inang'oka bila kubembelezwa.

Amri ya kwanza kwa vijana ilikuwa kuacha mapanga nyumbani. Kila kichaka kiling'olewa kwa sepeto kuanzia chini ya shina mama, kikanyanyuliwa kikiwa kizima kadiri ilivyowezekana, kikawekwa juu ya turubai na kuburutwa. Mabapa yaliyokatika yaliokotwa kwa koleo ndefu za kubania. Glovu za ngozi, maana za kitambaa hugeuka mtego: glokidi hubaki ndani na kukuchoma mwezi mzima. Matunda yalichumwa kwanza, kabla ya kung'oa, yakaingia kwenye magunia yaliyoshonwa. Hatua hii vijana waliiona ya kupoteza muda, na ndiyo niliyoisimamia kwa ukali kuliko zote.

Swali gumu lilikuwa mahali pa kuweka. Gari la taka lisingefaa. Lingesambaza vipande njia nzima hadi dampo. Tulichotumia ni sakafu ya zege ya ile nusu ya nyumba isiyokwisha. Rundo likapangwa juu ya zege, mbali na ukingo, likafunikwa nailoni nyeusi na kukandamizwa kwa matofali. Hapo hakuna udongo wa kushika na hakuna mwanga. Hata hivyo bapa ni kitu kigumu kufa: mwezi wa pili, mengine bado yalikuwa ya kijani, na machache yalikuwa yametoa mizizi myeupe inayotafuta chini bila kupata. Yalipolainika na kuoza, yakaenda shimoni pamoja na magunia ya matunda, na juu yake zaidi ya mita moja ya udongo.

Baada ya mvua

Vuli ilileta ilichotakiwa kuleta: vipande vilivyokuwa vimefukiwa viliinua vichwa. Mzee alipewa ndoo na koleo, na kazi yake ikawa kupita baada ya kila mvua kubwa, kufukua na kutoa kipande cha chini pia, si kukwanyua bapa jipya peke yake. Masika yaliyofuata vichipukizi vilikuwa vichache mno, vingi vikiwa kando ya nguzo za senyenge ambako sepeto halikufika vizuri. Chini ya waya na mwarobaini miche ya mbegu inaendelea kutoka. Hiyo itaendelea kwa miaka, maana mbegu zina ganda gumu na hazioti zote kwa mara moja.

Kwenye mstari wa barabara mama alitaka kuacha madungusi mawili, kwa kumbukumbu. Nilipinga. Mtu anayeishi kwenye ghorofa Upanga akilitaka kwenye chungu cha barazani simkatazi; mwenye kiwanja cha mchanga kilicho wazi, akizungukwa na viwanja vingine vya mchanga vilivyo wazi, namkataza. Bibi alikuwa upande wangu, kwa sababu zake za utomvu ambazo sikufanikiwa kuzifuta. Wamepanda bogenvilia kwenye senyenge na mishubiri chini yake.

Jirani amekubali upande wake ung'olewe Agosti ijayo kwa utaratibu ule ule. Kilichobaki ni kifusi. Kabla sijaitwa, sehemu ya rundo lile ilikuwa imeshauzwa na kubebwa kwa lori kwenda Kibada kujazia msingi wa nyumba, na vipande ndani yake. Dereva amepatikana, ameeleza mtaa, na mwenye kiwanja amempigia simu mwenye ile nyumba: atazame pembezoni mwa msingi baada ya vuli, na akiona bapa la kijani asimruhusu mtu kulifyeka.